Majani Juu ya Mtumbwi wa Baba

Mama aliponipigia simu mara ya kwanza kuniambia kuwa kuna mtu anatembea juu ya nyumba yake usiku, nilicheka. Mimi ni fundi wa kupaua. Nimepaua Kibeta ninakoishi, nimepaua Rwamishenye na Miembeni, na nyumba nyingine nyingi njiani hadi kwetu Muleba. Hakuna kelele ya paa nisiyoijua.

"Hilo ni bati, mama," nikamwambia. "Mchana linapigwa na jua, linatanuka. Usiku linapoa, linajivuta, linagonga kenchi. Wewe lala."

"Linatembea. Linaanzia upande wa baba yako linakuja upande wangu."

"Linaanza kupoa upande wa upepo. Ndiyo maana unasikia kama hatua."

Akanishukuru. Baba alikuwa na miezi miwili tu kaburini, na kaburi lenyewe lipo ndani ya kibanja, hatua chache kutoka dirisha la chumba chao, maana sisi huzikana palepale kwenye migomba yetu. Niliona ni mjane mpya anayesikiliza sana. Nikarudi kwenye shughuli zangu.

Nikiri kwamba nilikuwa na majivuno. Tangu tetemeko la ardhi lilipobomoa nyumba nyingi, watu wa Bukoba wakisikia nyumba inalia kidogo hawalali, na mimi nilikuwa naitwa kama daktari. Nasimama sebuleni, nasikiliza, nagonga dari kwa mpini wa nyundo, halafu natoa jibu. Huyo ni popo. Huo ni msumari uliolegea. Nilipenda kuona mabega ya watu yakishuka. Kumfanyia mama vilevile kwa simu hakukunipa shida yoyote.

Alipopiga tena alisema kuna mtu anachezea gololi darini. Nikamwambia ni panya wanavingirisha kahawa aliyoianika, aiangalie dari kwa jicho kali na atafute paka. Akapiga akasema kuna mtu anakwaruza bati juu ya dirisha. Nikaenda Jumamosi moja, nikakata jani la mgomba lililokuwa linasugua paa, nikanywa chai, nikarudi Bukoba kabla ya jua kuzama. Akapiga akasema kuna kitu kimepasuka jikoni. Dada yangu aliyeolewa Mwanza ndiye aliyepata jibu la hilo: dumu la juisi ya ndizi lililofungwa sana, gesi ikalivimbisha. Tulikuwa watoto watatu, na kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Tulikuwa tunaambizana kwenye simu na kucheka, si kwa ubaya, ila kama watu wanavyomcheka mzazi wanayempenda.

Mwaka ukapita hivyo. Kisha ikaja simu ambayo sikuwa na jibu lake.

Lazima kwanza nieleze habari ya baba. Baba alikuwa mtengenezaji wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na nyuma ya nyumba alikuwa na banda ambamo ulilala mtumbwi wake. Ni gogo lililochongwa, refu kuliko mtu, na tunauita mtumbwi kwa sababu ndivyo ulivyo. Ndizi mbivu hukanyagwa humo pamoja na nyasi, maji ya ndizi hukamuliwa, hutiwa unga wa mtama, kisha mtumbwi hufunikwa kwa majani ya mgomba ili pombe ichemke usiku kwa joto lake yenyewe. Kukanyaga ilikuwa kazi ya baba. Kufunika ilikuwa kazi ya mama. Usiku ukiwa wa baridi aliamka kuongeza majani, kwa sababu pombe ikipigwa na baridi inakufa. Baba alipofariki hakuna aliyeugusa mtumbwi ule tena. Hatukuwa na moyo wa kuuondoa.

"Leo asubuhi nimekuta mtumbwi umefunikwa," mama akaniambia. Sauti yake ilikuwa chini sana. "Majani mabichi. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, na mimi niliufunga. Mtu ameingia, ametoka, amefunika pombe. Na ndani hakuna pombe."

Nilifungua kinywa kusema ni upepo. Upepo haufuniki mtumbwi. Nikamwambia nitakuja, na sikwenda.

Ikatokea tena, na tena. Mtu mmoja aliyechelewa kurudi nyumbani akasema alisikia majani yakiburutwa kwetu na mwanamke akizungumza peke yake kwa sauti ndogo. Mwingine, aliyekuwa anawahi gari alfajiri, akasema alimwona kwa macho yake mwanamke akitoka kwenye kibanja chetu. Akamtaja. Alikuwa jirani yetu, mjane pia, ambaye tangu utotoni namwita mama mdogo ingawa hatuna damu moja. Mpaka wetu na wake ni mstari wa miti ya mlamula tu. Yeye na mama walikuja kuolewa kijiji hiki karibu wakati mmoja, wakafundishwa kufunika mtumbwi na bibi yangu, mama mkwe wake mama, na katika kijiji kizima ni wao wawili tu waliokuwa wakifunika namna aliyowafundisha.

Hilo ndilo likawa ushahidi. Baba mdogo, mdogo wake marehemu, alikuja akayaangalia majani, akasema, "Haya yamelazwa na mtu anayejua." Kutoka hapo habari haikuhitaji miguu. Anampikia marehemu pombe. Anataka kumvuta na mama aende huko. Watu wakaacha kumwagizia mama mdogo chochote, wakaacha kukaa benchi moja naye kanisani. Usiku mmoja wakapita wakakata migomba yake mitatu yenye mikungu. Asiyetoka kwetu ataona ni migomba tu. Kwetu, mtu akikukatia migomba anakuambia kwamba hana haja na wewe kuendelea kuishi.

Na mama, rafiki yake wa maisha, akaanza kusema ni yeye. Hilo ndilo lililonitoa Bukoba. Baba mdogo alinipigia Ijumaa akaniambia kwamba Jumapili baada ya misa wataketi nyumbani kwetu, watamwita, na wasiporidhika ataambiwa ahame. "Akikataa," akasema, "mimi sitaweza kuwazuia vijana." Alisema kama mtu anayezungumzia mvua.

Nilifika Jumamosi alasiri. Nikaenda moja kwa moja bandani. Majani ya usiku uliopita yalikuwa bado juu ya mtumbwi, yameanza kusinyaa. Mimi napanga bati kwa kazi, kwa hiyo niliona mara moja: yalikuwa yamepandana kuanzia chini kwenda juu, kila moja likikalia mwenzake kiasi kilekile, uti umevunjwa ili jani lilale. Hata mimi nisingeyapanga vizuri hivyo. Nilikuwa nimekuja nikitumaini kukuta uchafu wowote wa majani ambao ningeuita kazi ya mbuzi.

Nilipotoka bandani nikamwona mama mdogo upande wa pili wa mlamula, amebeba kuni. Amekonda. Alisimama akasubiri shikamoo yangu. Nikaweka simu sikioni, simu isiyo na mtu, nikaanza kuongea kuhusu misumari mpaka akaenda zake. Naandika hili kwa aibu.

Jioni mama alinipikia ndizi kwa samaki. Alikuwa mzima, mchangamfu, akaniuliza habari za wajukuu mmoja mmoja. Mara mbili aliniuliza kama nimekula, na sahani ilikuwa mbele yangu. Nikacheka, akacheka. Ule ulikuwa usiku wangu wa kwanza kulala katika nyumba ile tangu tulipoanua matanga.

Niliufunga mlango wa nyuma mwenyewe. Nikavuta komeo mpaka mwisho, nikalijaribu. Mama akaingia chumbani kwake, mimi nikakaa sebuleni kwenye kiti cha baba, na fimbo yake mapajani. Umeme ulikatika mapema. Sikuwasha taa.

Nyumba ikaanza. Bati likagonga, nikasema moyoni, bati. Kitu kikavingirika darini, nikasema, panya. Popo wakatoka chini ya kofia ya paa kwa mlio wao wa kukwaruza. Mbali kidogo mgomba ukaanguka na mkungu wake, kishindo kilichonifanya nisimame, halafu nikakumbuka kwamba mti wa kuuegemeza niliuona mchana umeoza. Kila kelele nilikuwa na jina lake, na kila jina lilinisaidia kwa muda mfupi kuliko lililotangulia. Nilianza kuelewa mwaka wa mama ulivyokuwa. Mtu anaweza kujua ni bati na bado akaogopa, kwa sababu anayejua yuko peke yake gizani na bati.

Kisha usingizi ukaniiba. Mimi niliyekuja kukesha nikalala kama gogo.

Kilichoniamsha ni jani. Jani la mgomba likiburutwa ardhini lina sauti yake, nzito na yenye maji. Lilikuwa nyuma ya nyumba. Likaburutwa, likanyamaza. Likaburutwa lingine.

Nikaenda mlango wa nyuma kwa vidole vya miguu. Nikapapasa komeo. Lilikuwa wazi.

Komeo lile liko ndani. Aliyelifungua alikuwa ndani, alipita hatua tano kutoka kitini kwangu. Nikarudi hadi mlango wa chumba cha mama nikaita polepole, "Mama." Kimya. Sikuingia. Kwetu mwanamume mzima haingii chumba anacholala mama yake, na hata usiku ule, roho ikiwa mkononi, mguu wangu ulikataa kuvuka pale. Nikajiambia amelala, au anaogopa kuitika. Nikarudi nikasimama nyuma ya mlango wa nyuma, nikainua fimbo kwa mikono miwili.

Huko nje majani yalinyamaza. Nikasikia sauti ya mwanamke, chini sana, kama anayebembeleza mtoto. Nikasikia hatua. Zilikuja taratibu, zikafika, mlango ukasukumwa, mwanga wa tochi ndogo ukaingia kwanza, na nyuma ya tochi nikaona uso wa mama mdogo.

Kwa hiyo ni kweli. Hilo ndilo lililopita kichwani, na pamoja nalo hasira niliyokuwa sijawahi kuijua. Nikapiga. Sijui ni Mungu au ni ufundi, ila fimbo ilitua kwenye fremu ya mlango, ikapasuka, na kipande kikamkwaruza shavu. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma nusu hatua, akanyoosha mkono mmoja kumkinga mtu aliyekuwa nyuma yake.

Alikuwa mama. Miguu peku, kanga imelowa umande mpaka magotini, kisu cha jikoni mkononi. Akachungulia juu ya bega la mwenzake akaniangalia, akatabasamu, tabasamu ambalo halikuwa langu.

"Umerudi?" akaniambia. "Mimi nimeshafunika. Haitapigwa na baridi."

Alikuwa anaongea na baba.

"Mwitikie," mama mdogo akanong'ona. "Mwambie ameifunika vizuri, waitu, nakuomba. Usimwamshe."

Nikajibu. Nilisema umeifunika vizuri, kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo. Mama mdogo akamtoa kisu mkononi kwa namna iliyoonyesha amekitoa mara nyingi, akamfuta miguu kwa kitambaa kilichokuwa kimetundikwa pale nyuma ya mlango, ambacho nilikiona jioni bila kujua ni cha kazi gani, akamwingiza chumbani. Nikamsikia akimfunika, akimwambia maneno ya Kihaya ambayo mtu huambiwa akiwa mdogo. Alipotoka alikuwa na damu kidogo shavuni.

Nikataka kupiga magoti. Akanikatisha.

"Huwa ninamsikia akianza kukata majani, nakuja," akasema. "Akimaliza namrudisha. Akitaka kwenda barabarani namwambia mzee yuko njiani, tumsubiri ndani."

"Tangu lini?"

"Tangu kiangazi kilichopita." Akachukua tochi yake. "Kesho wakiniita nitakuja. Lakini usiwaambie. Watamcheka. Watoto watamfuata njiani. Mimi wameshanichoka, mama yako bado anaheshimiwa. Acha ibaki hivyo."

Akaondoka. Mimi nikakaa sakafuni mpaka kukakucha, kiti cha baba nikakiona kirefu mno kwangu.

Jumapili walijaa uani. Baba mdogo, wazee wa ukoo, mwenyekiti wa kitongoji, na vijana waliosimama pembeni mikono nyuma. Mama mdogo alikuja peke yake, akaketi chini kwenye ukingo wa mkeka, na hakuna aliyesogea kumpa nafasi. Shavu lake lilikuwa limevimba. Watu waliliangalia wakaangaliana.

Baba mdogo akamwuliza mama kama usiku kulikuwa na jambo. Mama alikuwa amevaa gauni lake la kanisani, amejifunga kitambaa vizuri, na alizungumza kwa ufasaha wote alio nao.

"Nilisikia fimbo ikipigwa mlangoni," akasema. "Asubuhi mtumbwi umefunikwa tena. Mniulize nini zaidi? Mwangalieni shavu."

Kelele ikapanda. Mzee mmoja akanyoosha kidole kwa mama mdogo, kijana mmoja akasogea mbele. Baba mdogo akainua mkono, akanigeukia. "Wewe ndiye uliyelala hapa. Tuambie kwa kifupi. Ulimwona mwanamke huyu mlangoni kwenu usiku, au hukumwona?"

Nilipomtazama mama mdogo, alikuwa anaangalia mkeka. Nilipomtazama mama, alikuwa ananiangalia kwa imani yote ya mzazi ambaye mtoto wake amekuja hatimaye kumtetea. Kama ningesema sikumwona, wangemhamisha kwa ushahidi wa yule mpita njia. Kama ningesema nilimwona na kuishia hapo, asingefika jioni.

"Nilimwona," nikasema. Kijana yule akapiga hatua. "Kaa chini! Nilimwona akimrudisha mama ndani. Mama ndiye anayefunika mtumbwi. Anaamka akiwa usingizini, anafungua komeo mwenyewe, anakata majani. Huyu anamfuata kila usiku asije akapotea. Hili shavu nimempiga mimi."

Juu yetu nikasikia bati likigonga juani.

Mama hakunitazama mimi. Alimgeukia mwenzake. "Ni kweli?"

"Si kweli," mama mdogo akajibu haraka. "Kijana hakulala vizuri, amechanganyikiwa. Ni mimi. Waacheni waseme ni mimi."

Mama akaigeuza mikono yake juu ya mapaja, polepole, akaitazama. Utomvu wa mgomba hautoki kwa maji. Ulikuwa kwenye vidole vyote, chini ya kucha, kwenye mistari ya viganja, mweusi kama wa mtu aliyefanya kazi hiyo kwa miezi. Bila shaka alikuwa ameuona kila asubuhi. Aliitazama mikono ile kwa muda mrefu mbele ya watu wote, nikatamani ningekuwa nimesema uongo.

"Nimewaambia watu ni wewe," akasema. "Nimekuchongea kwa kila mtu. Na wewe ulikuwa unanishika mkono."

Akainuka. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Akavuka uani na gauni lake la kanisani, akaketi chini kando ya mama mdogo, akaficha uso kwenye bega lake. Mama mdogo akamfunika na kanga yake, wote wawili, kama vile sisi hatupo.

Watu walianza kuondoka mmoja mmoja. Baba mdogo alikohoa, akasema jambo kuhusu gari lake la kwenda Kamachumu. Hakuna aliyemwomba mama mdogo msamaha siku ile, na kuhusu migomba yake mpaka leo hakuna aliyefungua kinywa.

Jioni, mama alipolala kidogo, nilimsindikiza mama mdogo hadi kwake. Tulipita kwenye yale mashina matatu yaliyokatwa, machipukizi yameshaanza kutoka katikati. Nilikuwa na swali moja, na lilinitoka kwa ukali, kwa sababu nilijua kosa halikuwa lake.

"Kwa nini hukutuambia? Walikukatia migomba, ukanyamaza. Una namba yangu ya simu."

Alisimama mlangoni, akaniangalia bila hasira.

"Hili si jambo la simu, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nasubiri mmoja wenu alale hapa."